Kwao Kura Inaitwa Sauti

Alhamisi, Novemba inaishia, 2021. Fairfield. Mvua.

Mvua tangu asubuhi, na huu eti ndio mwanzo wa joto. Roho imechafuka. Nimeamka na kinyaa. Si kinyaa cha chakula, Mama Esta, mke wangu, anapika vizuri, na hata kama asingepika vizuri nisingeandika hapa. Ni kinyaa cha siasa. Na siasa yenyewe wala si yangu. Ni ya Wapalestina.

Unashangaa? Hata mimi.

Niseme mapema kwa mgeni wa ukurasa huu: shule niliiacha darasa la pili, ikabaki inanililia. Mimi naongea, simu inaandika. Ukikuta neno limepinda, laumu simu. Maneno yangu yamenyooka tangu Beni, Kongo, nilikozaliwa, na Sydney nzima hakuna mzee wa kunishinda kusimulia. Wapo waliojaribu. Wamehama.

Basi hii mambo imeanzia kwa Abu Rami.

Abu Rami ni Mpalestina, anakaa chini yangu, nyumba ya chini kabisa, ile yenye mnanaa barazani. Tulifanya kazi pamoja kwenye ghala moja huko Smithfield miaka mingi, tunapanga maboksi ya vigae. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki, na siku bosi hayupo wote tulikuwa dini moja. Nilimshinda kubeba. Yeye atakataa, asisikilizwe. Kiingereza chake kinachechemea, changu kinatambaa, kwa hiyo tunasaidiana na maneno ambayo Kiarabu na Kiswahili wamegawana. Siasa. Rais. Aibu. Dhuluma. Sukari. Ukiwa na maneno hayo tu, wazee wawili mnaweza kukaa kutwa nzima na msimalize.

Januari alinijia mbio, barakoa imekaa kidevuni, kwamba Rais wao ametangaza uchaguzi. Wa kwanza baada ya miaka kumi na tano. Nikamwambia hongera, sasa mtapiga kura. Akanitazama kama mjinga. Kumbe kwao kura ni mpira. Nikamchorea karatasi na sanduku. Aah, akasema, unataka kusema qur'a. Lakini hiyo kwao ni bahati nasibu: unaandika majina kwenye vikaratasi, unatia kwenye kofia, unafumba macho, unatoa kimoja. Ile ya kuchagua viongozi wao wanaiita sawt. Ndiyo hii hii sauti yetu. Mtu wa kwao haendi kupiga kura, anakwenda kutoa sauti.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Abu Esta, yaani nyinyi rais mnamtafuta kwa bahati nasibu?"

Nikamjibu ndiyo, sisi tulijua mapema. Nyinyi ndio bado mnadanganyana kwamba kuna mtu anasikiliza.

Huo ulikuwa utani. Mwaka umeula utani wangu wote.

Sasa huyu bwana ana mtoto wa kaka yake, anaitwa Lubna. Anafundisha watoto huko Ramallah. Ana miaka thelathini na moja na hajawahi kutoa hiyo sauti yao hata siku moja, kwa sababu walipochagua mara ya mwisho alikuwa bado na sare ya shule. Mama yake alifariki zamani, na Abu Rami ndiye aliyemlea kwa simu. Kila Ijumaa, bila kukosa. Mavazi, masomo, mchumba wa kwanza, mchumba wa pili, yote kwa simu. Basi Lubna na vijana wenzake wakajiandikisha kugombea. Abu Rami akatembea Fairfield yote kifua mbele, mpaka kwa kinyozi Mvietinamu wa Cabramatta akatangaza.

Mimi nilimwambia pale pale: subiri glismaa.

Hili neno ni letu Wakongo, tumelichukua kwenye Kifaransa. Maana yake kuteleza. Mkubwa muda wake unaisha, mandati imekwisha, lakini haondoki. Hasemi kwamba haondoki, hapana, huyo ni mtu wa adabu. Anateleza. Leo daftari la wapiga kura halijakamilika, kesho mvua, keshokutwa mashine. Kalenda inateleza na yeye, polepole, kama mtu anayesukuma kiti chake karibu na nyama. Sisi yule wetu aliteleza miaka miwili. Rais wa kina Abu Rami alichaguliwa kwa miaka minne na alikuwa ameingia mwaka wa kumi na saba. Nikamwambia, bwana, huyo hatelezi, huyo ana magurudumu.

Hakupenda. Lakini neno alilichukua. Akampelekea Lubna, na Lubna akawapelekea wenzake, na tangu hapo yule binti akiniona kwenye video ananiita Ammo Glismaa. Ammo ni baba mdogo. Nimepewa cheo Ramallah na hata pasipoti hawajaomba.

Aprili ikaisha, wakateleza.

Sababu waliyotoa: Israeli haitaki kuruhusu watu wa Yerusalemu wapige kura, na bila Yerusalemu hakuna uchaguzi. Sasa hapo ndipo kichefuchefu changu kilipoanzia. Maana ni kweli. Israeli ilikuwa haijaruhusu. Ukweli mzima, mkubwa, una dhuluma ndani yake. Halafu mtu anauchukua ukweli huo anaukalia, kwa sababu anajua akienda kwenye sanduku anaanguka. Uongo wa kawaida mimi nauheshimu, ni kazi ya mikono. Lakini kutumia uchungu wa kweli wa watu wako kama mto wa kukalia? Ptuu.

Na wale wengine, wanaotawala Gaza, wasijidai. Nao wako kwenye kiti tangu wakati huo huo, na nani amewauliza watu wa huko tena? Hakuna.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa magharibi ya Sydney akasikia hizi habari, akazipenda. Mkutano wa kuchagua viongozi ameusogeza mara ya tatu. Korona, anasema. Juzi alifanya sherehe ya ubatizo, ukumbi ulijaa mpaka jikoni. Korona hiyo huwa inasoma kwanza bango la mlangoni.

Mwezi wa tano nikaacha kutania. Watu wanatolewa kwenye nyumba zao kule Yerusalemu, askari wanaingia msikitini, kisha maroketi, kisha Gaza ikapigwa kutoka juu siku baada ya siku. Abu Rami alihamishia kiti chake mbele ya televisheni akawa anakula hapo hapo. Nilikuwa nashuka, nakaa kando yake. Mimi kukosa utani! Mama Esta alifikiri naumwa. Jengo la ghorofa likaanguka mbele ya macho yetu, limekaa chini kama mama aliyechoka, na yeye akauliza kwa sauti ndogo kama mle ndani walikuwa wameshapika.

Halafu mwezi wa sita. Mkosoaji mmoja wa serikali yao alichukuliwa na askari wao wenyewe, akafia mikononi mwao. Si Israeli. Wao kwa wao. Watu wakaingia barabarani Ramallah, Lubna akiwemo. Wakatokea wanaume wasio na sare, wakawapora wanawake simu, wakapiga. Lubna alivunjwa mkono wa kulia. Mwalimu. Mkono wa chaki.

Ile Ijumaa Abu Rami alinionyesha picha, mtoto na plasta yake, anatabasamu. Aliniambia, ya Israeli nilikuwa nimezoea kuichukia, hii niiweke wapi?

Nikachukua birika, nikamtilia chai nyingine.

Wiki ile ile sisi nasi tukafungiwa ndani kwa ajili ya korona. Watu wa mitaa ya baharini niliwaona kwenye televisheni wanaogelea. Huku kwetu tuliletewa polisi wa farasi, helikopta inatupigia kelele tuingie ndani, na baadaye wanajeshi wakawa wanagonga milango. Vijana wenye adabu, siwasingizii, walituletea hata vyakula. Lakini kwenda kazini kwa karatasi ya ruhusa, na ukivuka eneo lako ni kosa? Abu Rami alichungulia dirishani, akasema amesafiri dunia nzima kukimbia hicho kitu, kimemfuata mpaka Fairfield, kimekosea namba ya mlango tu.

Mwezi wa kumi tukafunguliwa. Tukanyolewa. Tukadhani mwaka umekwisha kututapikia.

Bado.

Ramallah wakasema, haya, uchaguzi mkubwa umeshindikana, tufanye mdogo, wa mabaraza ya vijiji. Desemba. Yaani mtu ameomba ng'ombe, unampa kwato. Na Gaza hata hiyo kwato hawatapata. Lakini Lubna kwa ukaidi wake akaenda kijijini kwa babu yake, wakakusanyana yeye na wenzake, wakapeleka orodha ya majina.

Tatizo ni kwamba wazee wa kile kijiji walishakaa wakakubaliana. Ukoo huu viti vitatu, ukoo ule viwili, orodha moja. Na kwao ikiwepo orodha moja tu, hakuna kupiga kura, hao wanaingia moja kwa moja. Safi, kimya, bila hata kuchafua kidole wino. Orodha ya Lubna ndiyo inawalazimisha waweke sanduku. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kuondoa jina.

Wiki nzima wamempigia simu Abu Rami. Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye baba yake Lubna. Wakubwa wa ukoo. Wanamwambia Lubna anavunja undugu. Wanamwambia mkono mmoja haujapona vizuri, asitafute mwingine. Hao ni watu wanaompenda, fikiria. Na Lubna mwenyewe amemwambia: Ammo, kwa baba nimegoma, lakini wewe ukisema nitoke, nitatoka, sitauliza kwa nini.

Asubuhi akapanda kunigongea. Anakwenda kupiga kura ya mapema ya kaunsili yetu, baraza la mji, nimsindikize, kisha turudi ampigie mtoto. Njiani, chini ya mwavuli mmoja, mimi nimelowa bega na yeye amelowa lingine, akaniambia ameshaamua.

"Nitamwambia atoke. Nataka mtoto mzima. Sitaki diwani."

Nikamwambia amefanya vizuri. Niliona hivyo kweli.

Ukumbini walikuwepo watu wa vipeperushi, wamelowa, wanatabasamu kwa macho maana midomo imefunikwa. Mimi hupenda sana hii siku. Nchi hii usipopiga kura unapigwa faini. Kwingine unapiga kura, unapigwa wewe. Beni nilikuwa napokea fulana kwa kila kandida, yaani mgombea, nikifika sandukuni nampa yule mwenye kitambaa kizito. Hapa hawatoi hata kofia, inabidi utumie akili, uwapange wagombea kwa namba, moja, mbili, tatu, kazi ngumu.

Abu Rami yeye tangu apate uraia huwa anakunja karatasi nyeupe. Anaingia, anakunja, anatumbukiza, anatoka. Faini amekwepa, sauti hakutoa. Aliniambia zamani kwamba hawezi kuchagua wasimamizi wa mapipa ya taka ya Fairfield wakati mama yake amekufa bila kuchagua kitu.

Leo nilimaliza nikatoka nikasubiri. Nikasubiri. Nikafikiri ameanguka. Alipotoka alikuwa na kalamu bado mkononi.

"Nimeandika namba zote," akasema, kama mtu aliyevunja sahani. "Hata yule aliyepiga picha na mbwa."

Nikamuuliza mbwa amempa namba ngapi. Akasema mbili, mbwa alionekana mkweli. Tukacheka kidogo, tukafungua mwavuli.

Tulirudi, akachemsha chai, akapiga. Huku alasiri, kule asubuhi. Lubna alikuwa jikoni, amefunga nywele, anakoroga kahawa kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ameuegemeza mezani, kiwiko hakikunjiki vizuri. Abu Rami akamsalimia, akamuuliza amekula nini, akamuuliza baridi, akamuuliza tena amekula nini. Akanisukumia simu kifuani.

"Ongea naye kwanza. Mchekeshe."

Mimi nina hadithi nzuri sana ya jinsi nilivyomfukuza waziri na kandambili. Haijatokea, lakini ni nzuri. Nilikuwa nimeshaifungulia mdomo. Binti akaniwahi. Kiingereza chake kinapiga pasi changu, lakini alikwenda polepole kwa ajili yangu.

"Ammo Glismaa. Kwenu, yule bwana alipoteleza, nyinyi mlifanya nini?"

Sijui ni nini kilinipata. Ile hadithi ya kandambili haikutoka. Ikatoka ya dada yangu Kabugho.

Nilimweleza kwamba baada ya kuteleza kote kule, siku ya uchaguzi ikafika, mwisho wa 2018. Sisi wa Beni tukaambiwa nyinyi hamtapiga, kwenu kuna Ebola. Kanisani watu wanajaa, ruhusa. Sokoni watu wanasukumana, ruhusa. Kura ndiyo inaambukiza. Basi siku ile watu wa Beni wakaamka wakajifanyia wenyewe. Vituo vyao, karatasi zao, ndoo za kunawa mikono mlangoni ili mtu asipate la kusema. Wakapanga mstari. Uchaguzi ambao serikali haikuutambua wala isingeutambua, na kila mmoja kwenye mstari alijua. Kabugho alisimama tangu alfajiri na miguu yake ile mibovu. Nilimpigia kutoka huku nikamgombeza, wewe mama, unasimama juani kwa kura ya bure, huna kazi nyumbani?

Akanijibu: "Kasereka, nilitaka waone urefu wa mstari."

Lubna akaacha kukoroga. Kahawa ikafurika jikoni mwake, tukasikia moto unapiga kelele. Hakugeuka.

Akauliza mstari ulikuwa mrefu kiasi gani.

Wanaonijua wanajua mimi samaki wangu wote ni papa. Lakini nilisema sijui, mwanangu, mimi sikuwepo. Dada aliniambia hakuuona mwisho wake.

Abu Rami akaninyang'anya simu. Akaongea Kiarabu, kidogo, akasogea dirishani. Kisha akasema neno moja: khalliki. Mtoto akauliza kitu. Akarudia, khalliki, safari hii kwa nguvu, kama anamfokea. Akakata.

Nikamuuliza maana yake.

"Baki."

Halafu akanigeukia, macho yamekuwa mekundu. "Nilikuambia umchekeshe! Kitu kimoja nilikuomba. Mzee mwongo miaka yote, leo ndiyo umechagua kusema kweli?"

Nikamwambia samahani. Akasema samahani yangu nikaimwagie mnanaa. Akaenda jikoni akarudi na mkate na zeituni, akaniwekea sahani kwa kishindo, maana kwao hata ukiwa umemuudhi mtu lazima ule. Simu ikaanza kulia. Akaitazama. Kaka mkubwa. Ikakatika, ikalia tena. Mkubwa wa ukoo. Ikalia, ikalia, inazunguka yenyewe juu ya meza kama mende aliyelala chali, na sisi tunakula. Hakuipokea. Kaka yake yule hawajawahi kugombana tangu wazaliwe, aliniambia. Leo wameanza.

Katikati ya mkate akaniuliza kama dua ya Wakristo inafika Ramallah. Nikamwambia inafika vizuri, ya kwetu haisimamishwi vizuizini. Hakucheka. Akasema basi iombe.

Sasa nimepanda kwangu. Mvua bado. Nawachukia wote, niseme tu. Nawachukia wenye ndege zao, nawachukia wenye viti vyao, nawachukia wale wanaume wasio na sare ambao wana mama zao na jioni huenda kula kwao. Mwaka mzima wa wakubwa, na aliyefanya kitu cha maana ni mwalimu mmoja anayekoroga kahawa kwa mkono wa kushoto.

Jioni hii kule watafunga orodha, jina lake likiwemo. Kijiji kitaweka sanduku. Nimefurahi. Nimeogopa. Sijui kipi kimetangulia.

Maana lazima niseme na hili, na simu iliandike bila kupinda. Abu Rami aliondoka kwao. Mimi niliondoka kwetu. Wazee wawili tulioondoka, tumekaa Fairfield, chai mkononi, tumemwambia mtoto abaki.

Ungebaki wewe, Kasereka?